Mbwa mmoja kwa ng'ombe na nguruwe pori?

Ndugu yangu wa Nachingwea, umeuliza kama mbwa yule yule anayeswaga ng'ombe mchana anaweza usiku kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Anaweza, ila angalia tabia yake kabla ya umbo.

Kule Marekani kuna mbwa aitwaye Catahoula, mbwa rasmi wa jimbo la Louisiana tangu 1979. Anafanya kazi zote mbili kwa sababu hakimbilii kung'ata: anamzunguka mnyama, anamkazia macho na kubweka mpaka asimame, awe fahali au nguruwe. Mbwa wa kukamata kwa taya ni habari nyingine. Huyo ukimwachia ndama utalia. Blue Heeler wa Australia naye huuma kisigino cha ng'ombe. Kwa ng'ombe sawa, lakini nguruwe dume hugeuka ghafla, na yale meno yake hupasua tumbo la mbwa kama wembe.

Usihangaike kuagiza, maana huku kwetu mbung'o wapo, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, huwamaliza mbwa wageni upesi. Mimi hapa Liwale nina jike wa kienyeji, mwembamba hata wageni wananisema simlishi. Akimkuta nguruwe anasimama mbali na kubweka tu. Ndiye ninayemwamini. Kaka yake alikuwa shujaa sana, tulimzika msimu wa korosho.

Chanja kichaa cha mbwa kila mwaka, na kabla ya kuua nguruwe muone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.