Kabla ya kujenga maktaba ya shule, tafuta sanduku, ratiba na mtu

Shule nyingi za Kisumu, Siaya na Busia, magharibi mwa Kenya, zikipata mfadhili huanza na chumba: matofali, mabati, utepe wa kukatwa. Chumba kikiisha, vitabu hupangwa, kufuli hutiwa na ufunguo hurudi ofisini. Tunashauri muanzie upande wa pili. Kitabu humfaa mtoto kikimfikia mkononi, kikiwa katika lugha anayoielewa, na mtu mzima akiwa karibu. Hilo limepimwa, tena limepimwa hapa hapa kwetu.

Mwaka wa 1996, shule 25 kati ya 100 zilizochaguliwa Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada bure. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia mitihani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2009 yanauma: wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni watoto waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu. Asiyeweza kusoma aya moja hasaidiki kwa kuongezewa kurasa mia mbili.

Sasa tazama Fiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila darasa la shule za mashambani, darasa la nne na la tano. Hapo pia Kiingereza kilikuwa lugha ya kujifunza. Baada ya miezi 8 watoto hao walikuwa wakipiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa kasi takriban maradufu ya kawaida. Tofauti na Busia ni kwamba hivi vilikuwa vitabu vya hadithi vyenye picha, viliwekwa ndani ya darasa, na vilisomwa kila siku kwa muda uliopangwa.

Kwa hiyo anza na sanduku. Darasa la watoto 45 lipate vitabu 60 hivi, ili hata wa mwisho kuchagua awe na cha kuchagua. Sanduku la mbao lenye kifuniko na vishikio viwili hubebwa na watoto wawili. Kila baada ya wiki nne darasa libadilishane sanduku na jirani wa kiwango chake. Muhula wa wiki 13 unatosha mizunguko mitatu. Vitabu vilevile vikikaa muhula mzima, watoto huvichoka, na mwalimu hudhani hawapendi kusoma.

Kuchagua kitabu kuna kipimo chepesi cha vidole. Mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati, asome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho kingoje. Msione haya kumpa mtoto wa Gredi ya 5 kitabu cha Gredi ya 2. Kwa wadogo, tafuteni vya lugha ya nyumbani na vya Kiswahili. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure za kuchapisha, zikiwemo za Dholuo na Kibukusu. Kijitabu cha kurasa 12 hutoka kwenye karatasi tatu tu za A4, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati. Shehena ya vitabu vikuukuu kutoka ng'ambo ikaguliwe kabla ya kupokewa. Kukataa zawadi ni vigumu, lakini vitabu visivyosomeka hula nafasi na huwafundisha watoto kwamba maktaba si yao.

Halafu ratiba. Kipindi kimoja kwa wiki ni kidogo mno. Dakika 20 kila siku, mara tu baada ya gwaride la asubuhi, hufanya kazi. Mwalimu naye asome wakati huo. Akisahihisha madaftari, darasa zima litajua kwamba saa hii haina uzito.

Mtu ndiye sehemu ngumu. Utafiti wa Keith Curry Lance katika jimbo la Colorado, Marekani, uliotoka 1993 na kurudiwa 2000, uliona alama za juu zaidi katika shule zenye wakutubi wa kutosha, hata umaskini wa eneo ulipozingatiwa. Huo ni uhusiano, si ushahidi kamili wa sababu, maana shule yenye mkutubi huwa na mengine mazuri. Hata hivyo tunauamini kiasi cha kusema hivi: mwalimu wa maktaba apunguziwe vipindi vitatu au vinne kwa wiki. Akiongezewa kazi bila kupunguziwa nyingine, kufuli itarudi.

Rejista iwe daftari lenye safu nne: namba ya kitabu, jina, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Kitabu kikipotea, msitoze faini. Mzazi aliyelipishwa mara moja atamkataza mtoto kuazima tena. Kati ya vitabu 100, tengeni bajeti ya kufidia kumi kwa mwaka.

Vitabu vya karatasi nyepesi hufa mgongoni. Pini hushika kutu, hasa karibu na ziwa na wakati wa mvua ya Machi hadi Mei, kisha kurasa za katikati huchomoka. Toeni pini. Toboeni matundu matano kwa msumari mwembamba kwenye mkunjo, shoneni kwa uzi wa nailoni mkianzia tundu la kati, fundo liishie ndani. Gundi nyeupe ya mbao yafaa kushika jalada. Uji wa unga huita mende na panya. Masanduku yakae juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa wakipanda waonekane.

Pimeni. Februari na Oktoba, chagueni watoto kumi kwa darasa, wasome dakika moja, hesabuni maneno sahihi. Tusome, mpango wa kitaifa wa Kenya wa kufundisha kusoma, ulitumia kipimo cha maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza kwa mtoto wa madarasa ya chini anayesoma vizuri. Kiswahili hakikudharauliwa hapo: "hawakunisomea" ni neno moja, Kiingereza kingetumia sita.

Na likizo isisahauliwe. Huko Tarlac, Ufilipino, kampeni ya kusoma ya siku 31 katika darasa la nne iliinua alama za kusoma, lakini miezi mitatu baada ya kuisha, karibu nusu ya faida ilikuwa imeyeyuka. Siku ya kufunga shule, sanduku libaki tupu: kila mtoto aondoke na vitabu viwili, na tarehe ya kuvirudisha iandikwe ndani ya jalada.