Nihame Chuo au Nibaki Mbeya?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 21 kutoka Tanga, nasoma mwaka wa kwanza shahada ya uhasibu katika chuo kikuu kimoja jijini Mbeya. Nataka mwaka ujao wa masomo nihamie chuo cha Dar es Salaam. Chuo chetu hakina jina. Nilipokwenda nyumbani likizo ya kati ya mihula, baba mdogo aliniuliza harusini, mbele za watu, "Hicho chuo kiko wapi?" nikakosa la kusema. Huku ni baridi, sina ndugu, na wenzangu chumbani wakiwa pamoja huzungumza kilugha chao. Dada yangu anaishi Mbagala na watoto wake wawili, na amesema nikihamia Dar nitakaa kwake bila kulipa kitu. Kidato cha sita nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), ila uhasibu nimeupenda tangu nikiwa darasa la sita, nilipokuwa nikimshikia mama daftari la madeni ya duka lake la vitenge. Rafiki yangu anasema nikihama nitaanza na rekodi safi. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka na nina sapu mbili, yaani masomo mawili niliyofeli na ninayotakiwa kuyarudia mtihani: Hisabati za Biashara na Takwimu. Mama hajui, na nisingependa ajue, kwa sababu alikopa kwenye kikoba ili kujazia ada ambayo Bodi ya Mikopo haikunilipia. Nihame au nibaki?
Wa Njia Panda, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale karibu na mwisho, ulipotaja sapu mbili ambazo mama hajui. Baridi, kilugha cha wenzako na swali la baba yako mdogo umevieleza vizuri, lakini hapo umepita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Kwa hiyo nakujibu mapema, kisha nikueleze sababu zangu: usihame mwaka huu. Fanya kwanza mitihani yako ya marudio hapo hapo Mbeya, na kabla ya kuifanya, mwambie mama.

Nianze na hiyo rekodi safi, kwa maana naona ndiyo iliyokuvuta kuliko Dar es Salaam yenyewe. Rafiki yako anakutakia mema, lakini utaratibu hauko hivyo. Mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo akiomba kuhamia chuo kingine, chuo kinachompokea humtaka alete matokeo yake yote ya kule anakotoka pamoja na mihtasari ya masomo aliyosoma, ili idara ilinganishe somo kwa somo na kuamua lipi litambuliwe na lipi arudie, na uhamisho wenyewe huthibitishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo tayari ina jina lako miongoni mwa waliodahiliwa Mbeya. Sapu zako zitafika Dar es Salaam kabla hujatua begi. Tena zitafika zikiwa na uzito zaidi, kwa sababu krediti hupatikana kwa somo ulilofaulu tu. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360, yaani kama 120 kwa mwaka, na kila krediti moja imepimwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Ukiondoka na masomo mawili pungufu, na pengine mengine mawili matatu ambayo idara mpya itaona hayalingani na yake, utajikuta unaitwa mwanafunzi wa mwaka wa pili huku ukikaa darasani na wa mwaka wa kwanza.

Kisha kuna mkopo. Sheria ya Bodi ya Mikopo inamtaka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu mitihani inayomruhusu kuingia mwaka unaofuata ndipo aendelee kukopeshwa, na sharti hilo ni lile lile ukiwa Mbeya au Dar es Salaam. Aidha, mkopo hauhami wenyewe. Ni lazima uhamisho wako uthibitishwe, na madawati ya mikopo ya vyuo vyote viwili yapate taarifa, ndipo jina lako litokee kwenye orodha ya kusaini katika chuo kipya. Na wakati unasubiri jina litokee, nauli na chakula havisubiri. Iwapo umewahi kufikiri njia nyingine, ya kuacha kabisa na kuomba udahili upya kama mtu aliyetoka kidato cha sita jana, fahamu kwamba miongozo ya Bodi imekuwa ikimtaka aliyeacha masomo na anayetaka kukopa tena arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichokwisha kupokea. Fedha hiyo itatoka wapi, ikiwa kikoba cha mama bado kinadai?

Sasa tuzitazame sapu zenyewe, maana umeziandika kama aibu na hukuzieleza kama tatizo la masomo. Umetoka HGE. Huko hukusoma hisabati za juu. Ulisoma BAM, yaani hisabati za msingi za nyongeza, somo ambalo wengi wa kombi hiyo hulipitisha ili mradi, wakaelekeza nguvu zao kwenye historia na uchumi. Halafu chuoni, katika muhula mmoja, ukakutanishwa na matriki, ukokotoaji wa riba na uwezekano, darasani pamoja na wenzako waliotoka EGM (uchumi, jiografia na hisabati za juu) ambao mambo hayo waliyazoea kwa miaka miwili. Kushindwa kwako kunaeleweka, na hakuonyeshi kwamba uhasibu si wako. Kunaonyesha pengo la miaka miwili ya hisabati, na pengo hilo utakutana nalo katika kila chuo cha nchi hii kinachofundisha uhasibu, kwa kuwa hakuna shahada ya uhasibu isiyopita kwenye Hisabati za Biashara na Takwimu. Tofauti ni kwamba Mbeya tayari unamjua mhadhiri anavyotunga mtihani wake.

Mwendee ofisini kwake, ukiwa na maswali uliyoyakosa, umwombe akuonyeshe njia ilikopotea. Ninajua wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huogopa mlango wa mhadhiri, lakini wengi wao hufurahi wanapomwona mtu aliyekuja kuuliza kabla ya mtihani badala ya kuja kulalamika baada yake. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, tafuta mwenzako mmoja wa EGM mwenye subira, na urudie mada za BAM za kidato cha tano kabla ya kushika kitabu cha chuo. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa marudio hufanyika kabla ya mwaka mpya kuanza, mara nyingi Septemba, na hata ukifanya vizuri kiasi gani huandikiwa C. Najua C inaumiza. Hata hivyo una mihula mingine mitano ya kuinua wastani wako, na C mbili za muhula wa kwanza ni mzigo unaobebeka, tofauti na mwaka mzima uliopotea.

Kuhusu jina la chuo, sitakudanganya kwamba halina uzito wowote. Wapo waajiri wanaoangalia jina kabla ya matokeo, na ofisi kuu za benki na kampuni nyingi ziko Dar es Salaam. Lakini fani uliyoichagua ina kipimo chake chenyewe. Ukihitimu, utakwenda kufanya mitihani ya CPA, yaani ya kuthibitishwa kuwa mhasibu kamili, ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo hufanyika Mei na Novemba kila mwaka, na karatasi atakayopewa mhitimu wa Mbeya ndiyo atakayopewa mhitimu wa Dar es Salaam, wa Arusha au wa Morogoro. Soma matangazo ya nafasi za uhasibu serikalini yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira: hutaka shahada kutoka chuo kinachotambuliwa, na nafasi nyingi hutaka pia CPA(T), yaani hiyo CPA ya Tanzania. Sijaona tangazo linaloulizia ndugu harusini walisemaje. Baba yako mdogo aliuliza swali la mtu asiyeifahamu Mbeya, na wewe ulilisikia kwa masikio ya mtu aliyekuwa amefeli na ameficha. Nina hakika kwamba kama ungekuwa umefaulu masomo yote, ungemjibu kwa sentensi moja na kuendelea kula pilau.

Upweke wako siupuuzi hata kidogo. Mtoto wa pwani kupelekwa kwenye mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, safari ya kuvuka Chalinze, Mikumi na mlima Kitonga, akafika akakuta usiku wa Juni unadai blanketi mbili na chumbani kunazungumzwa lugha asiyoijua, ni jambo zito, na kulia usiku wa kwanza wa pili si utoto. Ila wenzako wanapozungumza kilugha, mara nyingi hawakusemi. Wanafanya kama ambavyo wewe na dada yako mngefanya mkikutana ugenini. Waambie waziwazi, bila hasira, kwamba unajisikia mpweke wakizungumza hivyo. Kisha waombe wakufundishe salamu zao. Muhula mmoja haujatosha kukuonyesha Mbeya ilivyo, hasa muhula ambao nusu yake uliumaliza ukijificha.

Na kuhusu kwa dada, nisamehe nikisema jambo ambalo huenda wewe na yeye hamjalisema. Dada ana watoto wawili na ana shughuli zake. Hata kama moyo wake ni mweupe kabisa, na naamini ni mweupe, mtu anayekaa bure katika nyumba yenye watoto wadogo ndiye anayewapokea wakitoka shule, ndiye anayebaki nao mmoja akipata homa, na ndiye anayepika dada akichelewa. Hutaweza kukataa, kwa sababu unakula na kulala kwake. Ongeza hapo muda wa daladala kutoka Mbagala asubuhi na jioni, uone zinabaki saa ngapi za hisabati ambazo tayari zimekushinda ukiwa unalala hatua chache kutoka maktaba. Ninakushauri umjaribu dada kwa kipindi kifupi kwanza. Wakati wa mafunzo kwa vitendo ukifika, omba nafasi Dar es Salaam, ukae kwake kwa wiki hizo, uingie katika ofisi za mji huo ukiwa mwanafunzi wa Mbeya. Utaijua nyumba, utaijua safari, na utaanza kujulikana kwa waajiri bila kupoteza krediti hata moja.

Sisemi kwamba kuhama ni kosa. Ningekuwa wa kwanza kukuunga mkono kama ungeniandikia kwamba kozi unayoitaka haifundishwi hapo ulipo, au una maradhi yanayohitaji hospitali iliyo Dar es Salaam, au mama anaumwa na hana wa kumwangalia. Hizo ni sababu ambazo hata idara za vyuo vyote viwili na Tume wangezisoma na kuzielewa. Yako ya leo, ukiifikisha mezani kwao pamoja na matokeo yenye masomo mawili yaliyofeli, wataielewa vinginevyo.

Limebaki la mama, na hili ndilo ninalokuomba zaidi ya yote. Unaogopa kumwambia kwa sababu alikopa. Mimi naona kwamba kwa kuwa alikopa ana haki ya kujua. Mwanamke anayeendesha duka la vitenge kwa mali kauli anamjua vizuri mdaiwa anayekuja mwenyewe kusema, "Mwezi huu sina, nipe hadi mwisho wa mwezi ujao," na anamjua anayebadilisha njia ili asionekane. Wewe uliyeshika lile daftari unajua ni yupi kati yao aliyeendelea kupewa. Kuhama kwenyewe kungemfanya aulize maswali, na ungelazimika kumwongopea kuhusu matokeo, kuhusu krediti na kuhusu mkopo, kila muhula, hadi siku ya mahafali.

Mpigie usiku, akishafunga duka na kula, dada asiwe kwenye mazungumzo hayo. Usianze na Dar es Salaam wala baridi. Mwambie kwamba umefeli masomo mawili, mtihani wa marudio uko Septemba, umeshamwona mhadhiri, na hakuna ada nyingine unayomwomba kwa sasa. Atanyamaza kidogo, au atasema kwa ukali, mwache amalize. Na ili useme kweli kwamba umeshamwona mhadhiri, lazima umwone kwanza, basi nenda wiki hii. Matokeo ya marudio yakitoka, niandikie tena, na kama bado utataka kuhama ukiwa umefaulu, nitakusaidia kuandika hiyo barua ya maombi.