Kabla ya kukata DPF, thamostati iko wapi?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina pikapu ya dizeli ya milango minne, mtumba kutoka Uingereza. Natoka Kisauni alfajiri, napakia mboga Kongowea, nazungusha hoteli za Nyali na Bamburi, saa tatu nishamaliza. Zamani mafuta ya elfu nne yalinipeleka Malindi na kunirudisha; sasa hata elfu tano unusu hazitoshi. Taa ya DPF, lile kopo la ekzosi linalochuja masizi, imewaka wiki ya pili hii, gari halina nguvu, na oili kwenye kijiti imepita alama ya juu ingawa sijaongeza. Mshale wa joto nao haufiki kati tangu makanika aliposhughulikia radieta. Fundi mmoja mtaani ananiambia tukate DPF na tuzibe EGR, ile valvu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, ili gari lipumue, mafuta yatapungua kwa thuluthi. Ni kweli? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usiiwashe hiyo pikapu mpaka oili imwagwe. Oili haizai. Ikipanda bila wewe kuongeza, kilichoongezeka ni dizeli, na oili iliyoingiwa na dizeli huwa nyepesi kama maji ya dafu. Beringi za kranki na za turbo zinabaki bila kinga. Ikizidi kupanda, injini inaweza kuivuta na kuanza kuichoma, na hapo utazima swichi nayo ikatae kuzimika. Mwite fundi abadilishe oili na filta yake hapo hapo ilipoegeshwa.

Sasa niulize mimi: thamostati iko wapi? Kwa hayo uliyoeleza, naona kama niliyekuwapo siku ile ya radieta. Ilitolewa, kifuniko kikarudishwa kwa silikoni, nawe ukaambiwa Mombasa kuna joto, kidude kile ni cha nchi za baridi. Magari ya namna hii naletewa kila wiki, na kila wiki maneno ni yale yale. Joto la Mombasa, hata Februari jua likiwa la utosi, ni nyuzi 32 au 33. Injini yako inataka maji ya nyuzi 80 na kitu. Kwake yeye Mombasa ni barafu tupu. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende radietani mpaka yafike moto huo, kisha kuyaachia. Ukiitoa, maji yanazunguka radietani tangu unapowasha, sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya asubuhi, na kompyuta inaendelea kuilisha mafuta ya asubuhi hadi unapoegesha. Sehemu kubwa ya pesa zako imepotelea hapo.

Na hapo hapo ndipo DPF ilipoanza kuugua. Ndani ya lile kopo la ekzosi mna kauri yenye vitundu kama sega la nyuki, inayonasa masizi. Yakijaa kiasi, kompyuta huyachoma: inanyunyiza mafuta ya ziada kwa kuchelewa, yakaunguzwe kwenye ekzosi, na joto ndani ya kopo lifike karibu nyuzi 600. Kazi hiyo inataka dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika, na kompyuta za pikapu nyingi haziianzi kabla injini haijapata moto. Wewe Kisauni hadi Kongowea ni pua na mdomo. Siku gari likibahatika kupata moto na kuanza kuchoma, unafika geti la hoteli, unazima. Mafuta yaliyokwisha nyunyizwa yanateleza kwenye kuta za silinda mpaka chini kwenye oili. Ndiyo hiyo ikapanda.

Kwa hiyo DPF yako haijakosa lolote. Taa inakupigia ukelele, nawe umetafutiwa mtu wa kuikata ulimi.

Hili la “gari lipumue” ndilo linalonitoa jasho kuliko yote, kwa sababu lina chembe ya ukweli. DPF iliyoziba inaisonga injini, na gari linakula mafuta. Ukiitoboa, mwenye gari anaona tofauti jioni ile ile, kesho amekuwa shahidi baraza nzima. Lakini amelinganisha bomba tupu na kichujio kilichoziba! Alinganishe na kichujio kizima kinachojichoma vizuri, aone kama atapata hiyo thuluthi. Tofauti ipo, maana kule kuchoma masizi kunakula mafuta kidogo, ila ni ya kutafuta kwa tochi. Tena awe anapima kwa lita. “Mafuta ya elfu nne” si kipimo, EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, ikibadilisha bei katikati ya kila mwezi. Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita, tembea wiki, jaza tena hadi shingoni kwenye pampu ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Wanaokuja kwangu na malalamiko ya mafuta, waliowahi kufanya hesabu hii nawahesabu kwa vidole.

Wenye kukata wanafanyaje? Wanalipasua kopo kwa grenda, wanaivunja ile kauri kwa tindo, wanalichomelea tena ili kwa nje lionekane zima. Halafu kompyuta lazima idanganywe. Asiyejua kuidanganya anaiacha vivyo hivyo, nayo inaendelea kunyunyiza mafuta kuchoma masizi yasiyokuwapo, kwa hiyo hata hayo mafuta uliyokata DPF kuyaokoa yanazidi kwenda. Anayejua nusu anapakia programu ya gari jingine, la soko jingine, na siku ya pili unaacha wingu jeusi kwenye daraja la Nyali. EGR nayo ikizibwa kwa kipande cha bati, moshi haurudi tena kupoza mwako, gesi za oksidi za naitrojeni zinaongezeka, na kompyuta inaona hewa inayoingia hailingani na inayotarajia, inawasha taa ya injini. Gari likiwa na kosa la EGR, mara nyingi kompyuta inakataa hata kuichoma DPF. Yaani uliziba kimoja, umeua viwili. EGR ikishika masizi hufunguliwa ikasafishwa. Ni kazi chafu ya nusu siku, labda ndiyo maana haina wapenzi.

Kwako wewe: thamostati mpya yenye nyuzi za joto zilizopangwa na kiwanda cha gari lako, isiwe ya kukisia. Oili iwe ya magari yenye DPF, yenye majivu machache, kwa maana masizi huungua lakini majivu ya oili hayaungui, yanabaki kwenye kauri maisha. Vile vimpira viwili vinavyotoka kwenye kopo kwenda sensa ya presha vikaguliwe. Nimekuta mara nyingi kimoja kimepasuka, na kopo linasingiziwa. Kisha fundi mwenye mashine aiamuru kompyuta ichome, gari likiwa kwenye zege, si juu ya nyasi kavu wala karibu na makuti. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki, toka Miritini alfajiri kwa mwendo wa 70 au 80 hadi Mariakani, bila kusimama. Ikigoma kabisa, DPF hutolewa ikasafishwa kwa tanuri na upepo. Ukimwona mtu anaileta asidi au mashine ya kuoshea magari, chukua kopo lako uondoke.

Nitaambiwa dizeli yetu ni chafu, DPF haiwezi kuishi hapa. Hayo yalikuwa maneno ya haki zamani. Mwaka 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli ya Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500, na DPF inaishi na hiyo, mradi ununue kwenye kituo na si mtungi uliotiwa mafuta ya taa. Na moshi wenyewe si wa kuchezewa: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. DPF nzima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya masizi. Ikikatwa, wanaoyameza ni wachuuzi wa Kongowea, na watoto wa shule waliosimama kando ya barabara kungoja matatu.

Wanaonunua mtumba nao wasikilize. Kabla hujatoa pesa, funga kidole kwa kitambaa cheupe, kizungushe ndani ya mdomo wa ekzosi. DPF ikiwa nzima, kitambaa kinatoka na vumbi la kijivu tu, au bila kitu. Mteja mmoja aliniletea pikapu aliyouziwa kuwa “safi kabisa”. Leso yake ilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Tukaiinua, tukatoa kinga ya joto, na pale kwenye kopo palikuwa na mshono wa kuchomelea mnene kama kamba ya ngalawa. Nililigonga kwa spana, likalia kama debe.