Vibano vya usukani kwa ndege ndogo inayolala nje

Ndege ndogo ya kujiunganishia ikilazwa nje kwenye uwanja wa ndege wa Kisauni, Zanzibar, vibao vyake vinavyosogea havitulii: eleroni (nyuma ya mabawa, za kuilaza ndege upande), eleveta (mkiani, ya kuinua na kushusha pua) na usukani wa mkia (wa kuigeuza kushoto na kulia). Kusi likishika kasi katikati ya mwaka hupiga usiku kucha. Hata siku ya shwari, ndege ya abiria aina ya Caravan ikigeuza mkia upande wako na kuongeza moto, upepo wa rafadha yake unatosha kuvigongesha vibao mwisho wa mwendo wao. Matundu ya bawaba hupanuka, viungo vya vijiti vinavyounganisha fimbo ya rubani na vibao huanza kucheza.

Wengi hufunga fimbo ya usukani kwa mkanda wa kiti, wakaridhika. Afadhali hivyo kuliko kuacha wazi, ila mkanda hulegea, usukani wa mkia haufiki kabisa, na nguvu ya upepo hupita kwenye vijiti na viungo vyote kabla ya kuufikia. Kibano cha nje huizuia nguvu hiyo pale pale kwenye kibao.

Vinatakiwa vinne: kimoja kila bawa, kimoja cha eleveta, kimoja cha usukani wa mkia. Ndiyo, eleroni mbili zimeungana, lakini ukibana moja tu, ile nyingine itavuta viungo vya pande zote mbili. Kila kibano ni mbao mbili za sentimita 30 kwa 6, unene wa milimita 12. Mabaki ya msaji kwa mafundi wa milango yanafaa kuliko plaiwudi, kwani plaiwudi hujikunja unyevu ukiingia kingoni. Toboa tundu la milimita 7 katikati, upitishe boliti ya milimita 6 ya stenlesi, yenye nati ya masikio inayofungwa kwa vidole. Boliti ya chuma cha kawaida itashika kutu kwa chumvi hii na nati haitafunguka. Ivishe kipande cha mpira mwembamba pale inapopita, isikwaruze ukingo wa kibao. Tia grisi kidogo kwenye hesi, maana stenlesi kwa stenlesi nayo hung'ang'aniana.

Ndani ya mbao bandika soli za ndara zilizochakaa kwa gundi ya viatu. Sponji usiiguse: hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia juu ya alumini, na rangi ikianza kufura ujue chini kumeshaliwa.

Mahali pa kubana ndipo penye kazi. Kwa eleroni, kunja flapu (kibao cha bawa kilicho upande wa ndani wa eleroni) juu kabisa, kisha pitisha boliti kwenye mwanya ulio kati ya flapu na eleroni, mbao zikilalia zote mbili. Eleveta na usukani wa mkia hubanwa kwenye mwanya wao na sehemu isiyosogea, karibu na ncha. Mbao zilale juu ya mstari wa ribiti, ambapo chini yake pana ubavu, yaani kiunzi cha ndani kinachoshikilia bati. Bati la vibao hivi huwa karibu nusu milimita tu, na kibano kikilalia katikati ya ubavu na ubavu kitaacha bonde. Kaza kwa vidole, koleo hapana. Futa mchanga kila unapofunga. Punje moja chini ya ndara ni msasa.

Hatari kubwa kuliko upepo ni kuruka navyo. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio Boeing Model 299 ilianguka Wright Field, Marekani, kwa sababu kufuli za usukani hazikufunguliwa, na marubani wake walikuwa wazoefu wa hali ya juu. Kwa hiyo funga utepe mwekundu wa sentimita 40 kila kibano (mrefu zaidi hupigapiga rangi mpaka ikatoka), halafu tengeneza mfuko wenye vijimfuko vinne vilivyoandikwa namba. Vibano vikiwa kwenye ndege, mfuko mtupu ufungwe ndani ya bizimu ya mkanda wa rubani, hivi kwamba hawezi kujifunga bila kuushika. Mfuko una vinne, ndipo unaondoka kwenye kiti.

Kisha zungusha fimbo mpaka mwisho pande zote huku ukitazama vibao vyenyewe, na ukanyage pedali zote mbili. Usukani wa mkia huuoni ukiwa umekaa, basi awepo mtu nyuma wa kukuambia.