Karafuu Haichumwi kwa Kalenda

Barua nyingi za safari hii zimetoka Pemba, na nusu yake zinauliza jambo moja.

Mikarafuu yetu imebeba vizuri. Tuanze kuchuma mwezi gani? (Konde)

Swali hili nalijibu kila msimu. Tangu kitumba kichomoze hadi kikomae hupita miezi mitano au sita, lakini mti haujui tarehe. Itazameni karafuu yenyewe: imenenepa, urefu wake unakaribia sentimita mbili, kijani kinaanza kuingia wekundu, na kichwa bado kimefumba. Hapo ndipo. Ukichuma ikiwa kijani kitupu itasinyaa juani na uzito hutauona mzanini. Wala msiumalize mti siku moja, maana hata kishada kimoja hakiivi pamoja. Rudini mara tatu au nne. Najua mchumaji anayelipwa kwa pishi hapendi kurudia mti, ila mwenye shamba ni wewe. Lipa zaidi raundi ya mwisho, atarudi.

Vichwa vimeshafunguka. Zinafaa? (Mtambile)

Zinauzika, kwa daraja la chini. Ukizidi kuziacha zinakuwa mpeta, yaani tunda lililoiva, na mpeta ni wa mbegu. Anayeuchanganya na karafuu safi anaharibu jina la Pemba nzima.

Matawi ya juu hayafikiki. Naweza kuyakata? (Kengeja)

Hapana! Karafuu hutoka kwenye ncha za matawi. Ukikata tawi umekata na mavuno yajayo. Tumia upembo, ile fimbo ndefu yenye ndoano, uvute tawi.

Zililala kwenye gunia siku mbili kwa sababu ya mvua, sasa zimepauka. Nifanyeje? (Wete)

Zimechachuka, ndugu yangu, na haziponi. Zaidi ya nusu ya uzito wa karafuu mbichi ni maji, kwa hiyo zikirundikwa hupata moto. Chambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, jioni ileile, kisha zitandaze nyembamba hata kama ni sebuleni, usubiri jua. Jua kali la siku nne au tano linatosha. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Anika kwenye jamvi, si kwenye lami panapopita magari. Makonyo nayo usiyatupe, kiwanda cha Wawi kinayakamua mafuta.

Mwanangu ana miaka kumi na miwili, mwepesi kupanda. Aache skuli wiki mbili atusaidie? (Mkoani)

Asiache, na asipande. Mkarafuu mkongwe unapita mita kumi, na kila msimu tunapokea habari za watu walioanguka. Akitoka skuli achambue makonyo pamoja nanyi, chini.