Uchache ni wa maeneo, siyo wa mvua

Mkuu, umeuliza kama watu wa huku Mwanza wanauelewa utabiri wa televisheni au wanaangalia tu picha za mawingu. Kwa ninavyoona hapa Igombe, wengi wanaangalia picha. Mtangazaji akisema "mvua na ngurumo katika maeneo machache", mtu anasikia mvua kidogo. Siyo hivyo! Uchache ni wa maeneo. Pale inaponyesha inaweza kubomoa nyumba. Kirumba wakiloa na Buhongwa, mji huu huu, kukawa vumbi tupu, basi TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanaitwa waongo.

Wanaoniumiza roho ni wavuvi wa dagaa. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba huinuka kabla ya alfajiri, wakati taa za kuvulia dagaa bado ziko majini. Mama sebuleni kaona alama ya jua kwenye jina la Mwanza, anamwambia mumewe kuko shwari. Alama ile ni ya mji, jamani. Mvuvi ategee sikio maneno haya: "upepo wa kilomita 40 kwa saa" na "mawimbi ya mita 2". Akiyasikia, mtumbwi ubaki mwaloni, pale ufukweni unapoegeshwa, usiku huo.