Kabla hujamwambia mama kwamba mapacha wake hawafanani

Wadogo zangu mnaoanza kushika kifaa cha ultrasaundi, nawapenda, ila juzi mmenichosha. Nimesimama nyuma ya mmoja wenu, mimba ya wiki 13, picha safi kabisa, naye anamtangazia mama: "Makondo ni mawili, kwa hiyo si wa kufanana." Mama akashukuru. Mimi nikauma ulimi hadi alipotoka. Haya, tuanze upya.

1. Makondo mawili si ushahidi wa mayai mawili. Wasiofanana hutokana na mayai mawili na mbegu mbili, kila mmoja na kondo lake na chupa yake, sawa. Lakini yai moja lililorutubishwa likigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, nalo hutoa makondo mawili. Karibu theluthi ya wa kufanana wako hivyo. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, kondo huwa moja, chupa mbili. Likikawia zaidi ya hapo wanakaa chupa moja, kamba za kitovu zikisokotana, na baada ya siku ya 13 hivi huzaliwa wameungana. Tena makondo ya wasiofanana yakijipandikiza jirani huungana yakaonekana moja. Jinsia zikitofautiana, hapo semeni. Zikiwa sawa, nyamazeni.

2. Tafuteni lamda, alama yenye umbo la herufi ya Kigiriki λ, kati ya wiki 11 na 14, na picha muihifadhi. Fuateni utando unaowatenganisha mapacha hadi unapokutana na kondo: tishu ikipanda kama kabari katikati ya utando, hiyo ndiyo lamda, korioni (ganda la nje linalojenga kondo) ni mbili; utando mwembamba ukigota kondo kwa umbo la T, korioni ni moja.

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Nilikuwa bado mgeni kazini nikijiona fundi. Foleni ndefu, mama wa wiki 12, mioyo yote miwili inadunda. Utando niliuona, sikuufuata. Nikaandika mstari mmoja: "Mapacha hai, wiki 12." Kliniki wakampangia picha kila baada ya wiki 4, ratiba ya korioni mbili, kwa kuwa hakuna aliyewaambia vinginevyo, na wa kuwaambia nilikuwa mimi. Wenye korioni moja hupimwa kila wiki 2 kuanzia ya 16, maana mishipa yao hukutana ndani ya kondo, na katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za aina hiyo damu huelemea upande mmoja.

Alirudi wiki ya 20, tumbo limekaza, kulala chali hawezi. Zamu ikawa yangu. Mtoto mmoja anaogelea, kibofu kimejaa, kina cha maji kimepita sentimita 10. Mpaka mnaujua: chini ya sentimita 2 kwa mmoja, zaidi ya 8 kwa mwenzake. Wa pili nilimtafuta hadi mkono ukachoka. Alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa mji wa mimba, utando umemgandamana mwilini hata hauonekani, kibofu hakipo. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani wako chupa moja! Alifariki kabla mama hajafika kwa wanaochoma mishipa kwa leza. Mwenzake alizaliwa kabla ya wakati, hai. Baadaye nikaifungua ile picha ya wiki 12. T ilikuwepo, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha.

Kwa hiyo nikirudisha ripoti isiyotaja korioni, msinune.

3. Pacha A abaki A hadi mwisho: andikeni yuko upande gani na kondo lake liko wapi, maana mtu akiwabadilishana katikati, grafu za ukuaji hazina maana tena.

4. Baba atauliza mapacha wametoka ukoo wa nani. Wa kufanana hawana ukoo. Hutokea karibu kwa kiwango kilekile duniani, kama mimba 4 katika 1,000. Wasiofanana hufuata upande wa mama: kurithi tabia ya kuachia mayai mawili, umri wa miaka 30 na kitu, au dawa za kupevusha mayai. Baba anaweza kumrithisha binti yake tabia hiyo, ila yeye mwenyewe hana yai la kuachia. Mwambieni taratibu, wengine huja na mama zao kabisa, tayari kudai sifa.